Wapelelezi na Wapiga Ramli

Mvua zimeshika. Njia za mtaani zimekuwa matope matupu, na watu huingia ndani mapema kuliko desturi. Huu ndio wakati wa taa na kitabu. Katika barua zenu za miezi hii nimeona swali moja likirudi mara kwa mara: tusome nini sisi tuliokwisha kuacha vitabu vya shule? Na mama mmoja wa Kashaulili ameuliza jambo zito zaidi. Mwanawe wa kidato cha pili ameleta nyumbani hadithi ya upelelezi, yenye picha ya bastola juu ya jalada. Baba mtu amekichukua kitabu akakitia juu ya kabati, asema nyumba ya watu wanaosali haifai kuwa na hadithi za wauaji. Mama ataka kujua: je, baba ana haki, au kitabu kishuke?

Najibu hivi: kitabu kishuke, lakini baba na mama wakisome kwanza. Nami leo nitawaeleza ni vipi vya namna hiyo vinavyofaa kusomwa na nyumba nzima, vipi ni vya watu wazima tu, na kwa nini mimi, karani ninayeshinda katikati ya daftari za ubatizo na za mazishi, nasifu habari za wauaji katika gazeti la jamaa.

Tuanze na mkubwa wao. Katika Kiswahili, mwenye kuifungua njia hii ni Marehemu Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki 1991. Kabla ya kuwa mtu wa magazeti alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa muda wa miaka kumi. Nadhani kazi hiyo ilimfunza mengi, kwa kuwa mkaguzi wa afya hulipwa kwa kutazama yale ambayo wenye nyumba wamekwisha kuyazoea hata hawayaoni tena. Baadaye akawa mhariri, na tangu 1958 mpaka 1968 alisimamia Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Hadithi yake iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, lililotengenezwa na East African Literature Bureau, ikapigwa chapa mwaka 1960.

Ndani ya kitabu hicho tajiri mmoja mwenye shamba, Bwana Ali, akutwa amekufa mahali paitwapo Mzimu wa Watu wa Kale. Hapa sharti nieleze neno. Sisi wa bara tukisema mzimu twafikiri roho ya mtu aliyekufa. Kule Unguja na Pemba mzimu ni mahali penyewe pia: pango, au mti mkubwa, au magofu, ambapo watu hupeleka ubani na chakula na kuomba haja zao. Basi tajiri amefia mahali pa namna hiyo. Watu wa pale wafikiri nini? Wafikiri yale ambayo wewe nami tungaliyafikiri kama habari ile ingalitukuta njiani usiku: wenyewe wa mahali wamekasirika, wamemchukua.

Wala tusiwacheke. Mkoa wetu huu, ulioanzishwa mwaka 2012, wabeba jina litokalo kwa Katabi, mzimu wa Wabende, ambaye wazee wasema akaa katika mkwaju karibu na ziwa Katavi. Na wako watu waendao chini ya mti ule na sadaka zao. Fikiri basi mtu akutwe amelala pale asubuhi, hana pumzi. Nani angaliuliza habari za nyayo, au saa, au marehemu aligombana na nani juu ya fedha?

Bwana Msa ndiye anayeuliza. Si askari, wala hana bunduki. Ni mtu mwenye kiko mdomoni, apendaye mazungumzo na mizaha. Pamoja naye yuko rafiki yake Najum, na askari wa kweli, Inspekta Seif. Aenda huku na huku, asikiliza watu wakijisahau katika maneno yao, na jibu la kwamba ni mzimu halimtoshi. Ataka kujua nani alikuwa wapi, na nani apata faida kwa kifo hiki. Mwisho wake sitausema hata mkiniletea kuku.

Mwandishi huyo aliendelea na Bwana Msa miaka mingi: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na mwishoni Kosa la Bwana Msa (1984). Giningi, kwa msiojua, katika masimulizi ya Unguja ni mji wa wachawi. Mtaona jinsi alivyopenda kumtia msomaji hofu ya gizani kwanza. Anayeanza na aanze na Mzimu, kisha Kisima. Vile vya baadaye vyataka uvumilivu, kwa sababu mambo ya ukoo huwa yamefungamana sana, huyu kumbe mtoto wa yule, yule kumbe nduguye huyu, hata mimi nililazimika kuchora ukoo wote katika karatasi kama ninavyofanya ofisini watu wakija na maneno ya ndoa za jamaa. Tena Kiswahili chake ni cha Unguja hasa, chenye maneno ambayo hapa Mpanda hatuyasikii. Hiyo si hasara. Weka kamusi karibu, umpe mtoto kazi ya kuyatafuta.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Watu wengi wadhani hadithi ya upelelezi ni habari ya mauaji. Sivyo. Mauaji hutokea mara moja, mara nyingi kabla ya ukurasa wa kumi, na maiti hufunikwa. Kurasa zote zilizobaki ni habari ya kuuliza. Nani alimwona mara ya mwisho? Mlango ulifungwa kwa ndani au kwa nje? Huyu asemaye alikuwa kisimani, mbona ndoo yake kavu? Msomaji hufundishwa, bila kujua kwamba afundishwa, kwamba mtu hatakiwi kutajwa mpaka awepo ushahidi. Na kwamba yule tuliyemshuku kwanza, kwa sababu ana sura mbaya au kinywa kikali, karibu kila mara siye.

Mpiga ramli hufanya kinyume. Yeye huanza na jina. Hakwenda mahali pa tukio, hakuuliza saa, hakuona nyayo. Amewasikiliza tu wateja wake dakika chache, akajua wamegombana na nani, akawarudishia jina lile lile walilokuja nalo moyoni. Wao wakaondoka wakishangaa amejuaje! Na jina hilo, katika pande hizi zetu na za Tabora na Usukuma, mara nyingi mno limekuwa la bibi mzee, mjane, akaaye peke yake, mwenye macho mekundu. Macho mekundu kwa nini? Kwa sababu amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha miaka hamsini. Wako mabibi waliouawa kwa panga kwa sababu ya moshi wa jiko. Mwezi wa Januari 2015, baada ya mauaji ya kutisha ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli nchi nzima. Na Sheria ya Uchawi yenyewe ipo tangu 1928. Lakini sheria haifiki barazani usiku, watu wanaponong'ona. Kitabu chafika.

Nitawapa mfano, nao si wa kitabuni. Mwaka juzi katika mtaa mmoja hapa Makanyagio, ambao sitautaja, kuku walikufa. Walikufa nyumba hii, kesho yake ile, kwa siku nne au tano, mpaka mama mmoja aliyekuwa na kuku thelathini akabaki na mtetea mmoja. Shingo zilipinda, mavi ya kijani, kisha kufa. Maneno yakaanza. Kuna bibi mmoja aliyekuwa amenyimwa mayai na mama yule, akasema neno la hasira, kama wazee wasemavyo. Siku ya tatu neno lile likawa laana. Siku ya tano wanaume wakakaa chini ya mwembe kushauriana juu ya bibi kuhamishwa, na kijana mmoja akasema kuhamishwa hakutoshi.

Palikuwapo binti wa darasa la saba aliyeleta maji ya kunywa. Alipiga goti akawapa shikamoo, akamwambia aliyekuwa mkubwa wao, "Babu, naomba kuuliza. Kuku wa Bibi wako wapi?"

Hakuna aliyejua. Wakatuma mtu. Kuku wa Bibi walikuwa wanane, na wote wanane walikuwa wamekufa siku ya pili, kabla ya wengine wengi. Mwenyewe alikuwa amewafukia nyuma ya nyumba akiona aibu ya kusema. Wazee wakatazamana. Ndipo binti akauliza la pili: nani alileta kuku mgeni juma lile? Akapatikana mtu aliyenunua jogoo mnadani, akamleta akiwa amezubaa, akafa baada ya siku mbili. Afisa mifugo alipokuja alisema neno moja tu, kideri, akawaonyesha chanjo yake, tone moja la jicho kwa kila kuku, irudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Bibi yupo mpaka leo. Nilimwuliza yule binti baadaye, alijuaje kuuliza vile? Akacheka akasema, "Mwalimu, si ndivyo Bwana Msa anavyofanya?" (Watu wengi hapa bado waniita Mwalimu kwa ajili ya miaka yangu ya chuo cha ualimu, ingawa chaki nimekwisha kuiweka chini.) Sisemi kitabu peke yake kilifanya kazi ile. Yule mzee aliyekubali kuulizwa na mtoto mbele ya wanaume wenzake alifanya jambo kubwa zaidi. Lakini swali lenyewe lilitoka kitabuni, lilikuwa limeazimwa kabatini kwetu kwa majuma mawili.

Kwa hiyo nashangaa kidogo nikisikia kwamba vitabu hivi haviendi pamoja na dini. Wako mapadre waliovipenda hata kuviandika. Padre Ronald Knox wa Uingereza, ambaye alitafsiri Biblia nzima peke yake kwa Kiingereza, alikuwa akiandika hadithi za upelelezi, na mwaka 1929 alitunga amri kumi za mchezo huo. Katika hizo mojawapo ya kwanza ni kwamba mizimu na nguvu zisizo za kawaida haziruhusiwi kabisa kuwa jibu. Nyingine yasema kwamba kila dalili aionayo mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe papo hapo. Tazameni: padre aliyeamini malaika na mashetani kama sisi, lakini linapotokea jambo la kuuawa mtu, awakataza waandishi wasimsingizie shetani kazi ya binadamu.

Rafiki yake G. K. Chesterton alikuwa amekwisha kumtunga Father Brown, padre mfupi mwenye mwavuli, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911. Huyu hana habari ya nyayo wala majivu ya sigara. Awajua wezi kwa sababu amekaa miaka mingi akisikiliza maungamo, na moyo wa mtu haumshangazi tena. Katika hadithi ya kwanza amtambua mwizi aliyejivika mavazi ya padre. Na moja ya dalili ni kwamba mtu yule alipoanza kuzungumza mambo ya dini aliidharau akili. Padre wa kweli, aonavyo Brown, hawezi kufanya hivyo. Wanaosoma Kiingereza na wasianze kwingine.

Mpelelezi mashuhuri kuliko wote, Sherlock Holmes, alianza mwaka 1887, na kiko cha Bwana Msa kimewashwa kwake bila shaka. Katika vitabu vyake chagueni The Hound of the Baskervilles cha 1902, habari ya ukoo unaoaminika kufuatwa na mbwa wa kishetani. Msomaji wa Katavi atajiona nyumbani.

Lakini yule aliyenifikirisha kuliko wote ni mwanamke. Mwaka 1930 Agatha Christie alitoa kitabu kiitwacho The Murder at the Vicarage, ambamo mtu auawa katika chumba cha kazi cha kasisi mwenyewe, na kasisi ndiye anayesimulia. (Mimi ninayefunga ofisi ya parokia peke yangu kila jioni nilikisoma nikitazama mlango.) Anayegundua muuaji ni Miss Marple, bibi mzee asiyeolewa, akaaye peke yake, aliye daima bustanini au na sindano zake za kufuma, ajuaye nani amepita na nani hakupita. Ni hadithi ya kijijini, yenye chai na maneno ya majirani, hakuna damu nyingi, na hata mtoto wa darasa la saba mwenye Kiingereza kizuri aweza kuisoma. Nami nilipofika mwisho nikafikiri hivi: katika kijiji kile cha Kiingereza, bibi mzee akaaye peke yake na kuona kila kitu ndiye mpelelezi. Kwetu ndiye mshitakiwa wa kwanza. Ninyi wenye vipaji vya kuandika, mwandikieni Bibi wa Kikonongo au wa Kipimbwe hadithi yake, akae barazani akipukuchua mahindi, na polisi waje kumwuliza yeye. Nitakuwa wa kwanza kuinunua.

Haya, tuingie upande wa giza.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Hapa tumeacha mashamba ya Unguja, tuko Dar es Salaam, kwa polisi na motokari na simu, na mambo yaenda mbio. Ni kitabu chembamba, chasomeka kwa usiku mmoja, na bado nakitoa kwa vijana wa sekondari bila wasiwasi. Kinaonyesha polisi wakifanya kazi, jambo ambalo kwa Bwana Msa huonekana kama mchezo wa waungwana.

Kisha akaja Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba: Kufa na Kupona (1974), Kikosi cha Kisasi (1979), na baadaye Njama, Hofu na Kikomo. Gamba si wa kukaa barazani. Ni mtu wa serikali, wa ndege na bastola, na adui zake ni majasusi wa makaburu waliotaka kuivunja kazi ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wasomaji vijana na wakumbuke kwamba hayo hayakuwa ndoto: Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 mpaka kazi yake ilipokwisha mwaka 1994, na wapigania uhuru waliuawa kweli, mmojawapo Eduardo Mondlane, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, Dar es Salaam, Februari 1969. Musiba alichukua hofu ya miaka ile akaifanya hadithi. Habari njema ni kwamba Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wamevipiga chapa upya vitabu vyake, karatasi safi, herufi za kusomeka. Havitafutwi tena katika mafungu ya vitabu vilivyochanika.

Lakini nitasema wazi. Gamba anywa sana, na wanawake kwake ni kama motokari, huyu leo na yule kesho. Msichana wa miaka kumi na minne akisoma hayo atajifunza nini juu ya thamani yake? Tena Gamba huua kwanza, maswali baadaye, na hapo ameiacha ile shule ya kuuliza niliyoisifu. Ni vya watu wazima, nao wavisome kama wanywavyo kahawa kali.

Ben Mtobwa ni jirani yetu, mzaliwa wa mkoa wa Kigoma mwaka 1958, aliyetuacha mapema mwaka 2008. Mpelelezi wake ni Joram Kiango, na mwenzi wake ni Nuru, mwanamke mwenye akili yake mwenyewe, jambo ambalo kwa Gamba halipo. Majina ya vitabu yenyewe yatisha: Dimbwi la Damu, Salamu kutoka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena. Kilicho bora, kwa maoni yangu, ni Tutarudi na Roho Zetu?, ambamo Joram na Nuru wapambana na utawala wa makaburu. Mwandishi amekwenda mbio lakini hakumwacha msomaji nyuma. Mtobwa aliijua njaa ya kijana aliyekuja mjini, na aijuaye njaa hiyo huandika wahalifu walio watu, si mashetani. Kwa hiyo namweka juu ya Musiba. Hata hivyo damu ni nyingi. Kidato cha tano na kuendelea, si chini.

Kati ya waandishi wa sasa, msimsahau Hussein Tuwa. Mkimbizi, Mtuhumiwa, Wimbo wa Gaidi: hivi ndivyo ninavyoulizwa na vijana wanaoshuka katika treni kutoka Tabora wamekwisha kukisoma kimoja njiani na wataka kingine. Yeye amerudi kwenye fundo la hadithi, lile la kumfanya msomaji aseme "kumbe!" na kurudi kurasa ishirini nyuma kutazama alidanganywa wapi. Huko ndiko kunakonifurahisha.

Sasa namrudia baba wa Kashaulili, maana sikutaka kumpita kwa haraka. Baba, hofu yako si ya kipumbavu. Viko vijitabu vinavyouzwa sokoni ambavyo mauaji ndani yake ni kitoweo tu. Hakuna swali, hakuna jibu, ni panga na matusi mwanzo hadi mwisho. Hivyo hata mimi naviweka juu ya kabati. Kipimo changu ni hiki: funga kitabu katikati, umwulize mtoto, "Unamshuku nani, na kwa nini?" Akiwa na jibu lenye sababu, kitabu chamfundisha. Akijibu kwamba hajui ila amekufa mtu wa saba, mrudishie mwenye duka. Tena mwulize mezani, mbele ya wadogo zake. Utashangaa jinsi nyumba nzima itakavyoanza kupeleleza, na sukari iliyopungua kabatini itapata mwenyewe bila mtu kupigwa.

Wenye kupata nafasi ya kwenda Dar es Salaam au Tabora waulizie maduka ya vitabu, wataje jina la mwandishi na la kitabu, kwa kuwa wauzaji wengi hukuletea cha mtihani kwanza. Vya zamani, kama vya Abdulla na Katalambulla, huonekana pengine katika vitabu vilivyotumika, vinavyotandazwa chini kando ya njia. Msikatae kilichopoteza jalada. Hesabuni tu kurasa za mwisho kabla ya kutoa fedha, kwani hakuna huzuni kama ya hadithi ya upelelezi isiyo na kurasa kumi za mwisho.

Hapa Makanyagio kabati la ofisi ya parokia lina vichache, kimoja kwa mtu, majuma mawili, bila malipo. Mzimu wa Watu wa Kale kina foleni ya watu sita, msinigombeze. Simu ya Kifo kimerudi Jumatatu, lakini mtu mmoja ameandika jina la muuaji kwa kalamu ya risasi katika ukurasa wa tatu, akalipigia na mstari. Herufi yake ya "k" ina mkia mrefu unaopinda kushoto, na "k" kama hiyo nimeiona mara moja tu, katika daftari la ndoa la mwaka jana. Bwana arusi huyo na aje na kifutio kabla ya Jumapili.